Nodi ya Bitcoin inasuasua: nipogoe?

Swali
Habari wakuu. Leo siku ya sita tangu niwashe Bitcoin Core (programu ya nodi, yaani kompyuta inayoshusha na kukagua historia yote ya miamala ya Bitcoin) kwenye kompyuta ya zamani, RAM GB 8, HDD ya TB 1. Mwanzo ilikimbia, lakini tangu ifike asilimia 60 ya historia hiyo inajikokota, na diski inakwaruza usiku kucha. Nikiweka prune=550, yaani nipogoe bloku za zamani zibaki kama MiB 550 tu, itamaliza mapema? Na nitapoteza nini?

Jibu la 1
Mkuu, prune iache kwanza. Kupogoa kunaokoa nafasi, hakuokoi muda. Nodi itashusha kila bloku (fungu la miamala) tangu ile ya kwanza ya 2009, iikague, ndipo iitupe. Tena ukibana hadi 550, kila inapofuta bloku inalazimika kuandika kwenye diski yale iliyoyashika kwenye RAM. Diski yako itazidi kuteseka.

Kinachokukwamisha ni chainstate, folda yenye orodha ya sarafu ambazo hazijatumika. Kila muamala unaokaguliwa, nodi inaidokoa orodha hiyo huku na huku, na HDD haiziwezi mbio hizo. Dbcache, yaani RAM inayotengewa orodha hiyo, kwa kawaida ni ndogo. Weka dbcache=4000 (ni MiB), funga programu nyingine, washa upya. Ukipata SSD hata ndogo, chainstate ikae humo, bloku uzielekeze HDD kwa mpangilio wa blocksdir.

Na tafadhali, ukizima, subiri programu ijifunge yenyewe hata ikichukua dakika kumi. Mimi niliwahi kuchomoa waya. Kazi ya usiku mzima ilikuwa bado kwenye RAM, ikapotea yote.

Jibu la 2
Naongezea kuhusu hasara. Nodi iliyopogolewa ni nodi kamili, inakagua kila kitu. Yangu ilinifaa miaka miwili, mpaka niliporudisha pochi ya 2017. Ilitaka kusoma bloku nilizokwisha kuzifuta, nikalazimika kushusha mnyororo wote wa bloku upya. Txindex, faharasa ya kutafutia muamala wowote, nayo haikubaliani na prune. Na nodi changa haziwezi kuchota historia kwako. Unachoahidi kuwapa wengine ni bloku 288 za mwisho, kama siku mbili hivi. Bloku zote zimepita GB 600, TB 1 inakutosha kwa sasa.

Muuliza swali
Nimeweka 4000 jana jioni. Asubuhi hii nimekuta asilimia 71, na ule mkwaruzo umepungua sana. Nina pochi mbili za zamani sijazirudisha, kwa hiyo sipogoi. SSD naitafuta wiki hii. Asanteni mno.