Jina la tatu kwenye fomu: la babu au la ukoo?

Hoja iliyoletwa: fomu zinataka majina matatu. Tanga huku kuna akina Ali Hassan Omari, kuna akina Kimweri na wenye majina ya ukoo yanayoanza na She-. La tatu liwe lipi?

Wa Makorora: La ukoo, bila ubishi. Ali Hassan Omari akimzaa Juma, mtoto anaitwa Juma Ali Hassan. Omari keshadondoka. Ikifika mirathi, kuunganisha mjukuu na shamba la babu ni kazi ya mashahidi. Akina Kimweri hawana taabu hiyo, ila siku hizi kila Kimweri mfalme!

Lushoto Juu: Koma hapo ndugu yangu. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alitawala Vugha, makao makuu ya Usambara, mpaka alipofariki 1862, na madiwani wa pwani, hao wa kwenu, walikuwa wakimtambua. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alimkuta huko 1848. Unacheka nini?

Wa Makorora: Yeye sijamgusa. Nasema wanaobeba jina. Hata Msasani kuna barabara ya Kimweri, nayo ina kiti Vugha?

Handeni Mjini: Na Kilindi msiiburute kwa kuwa ukoo wa Kimweri unaitwa Wakilindi. Wilaya ile imemegwa kutoka kwetu 2002, makao Songe. Ni Unguu, nchi ya Wanguu, si Usambara.

Lushoto Juu: Na Mbegha, mwanzilishi wa ufalme wa Wakilindi, alitoka wapi kama si Unguu? Soma kwanza, shemeji.

Karani wa Zamani: Jamani, fomu! Babu au ukoo, vyote vinapita. Kinachokwamisha ni karatasi kupishana. Anzeni na cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Jina lililomo ndilo liende shuleni, likaguliwe kabla mtoto hajasajiliwa mtihani wa darasa la saba, ndipo NIDA kwa kitambulisho cha taifa. Herufi kwa herufi. Kimweri likiandikwa Kimweli, mfumo unaona watu wawili. Hati ya kiapo inasema tu kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, haibadilishi jina. Anayetaka kubadili kabisa anahitaji dipoli, yaani hati rasmi ya kubadili jina, wakili aiandae, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Wengi wanaishia kwenye kiapo, wakifika dirisha la pasipoti wanarudishwa.

Handeni Mjini: Ahsante mzee. Ila huyu wa Lushoto ajibu: Mbegha akiwa mtu wa Unguu, Wakilindi wamekuwaje Wasambaa?

Lushoto Juu: Kwa kuoa! Alipewa mabinti wa Kisambaa, watoto wakalelewa kwa wajomba.

Wa Makorora: Basi jina la tatu liwe la mjomba.