Picha ukiwa ndani ya rafti, Jinja: helmeti, kifua, au kamera kubwa kwenye boksi?

Kasia_Kushoto
Wakuu, tunashuka Nile siku nzima, rafti moja (boti la mpira), watu saba pamoja na mwongozaji. Vifaa ni kamera ndogo ya GoPro Hero 11, simu ya IP68 (kiwango cha kuzuia maji) na kamera kubwa yenye lenzi ya 16–35 mm. Picha za mpiga picha wa ufukweni hatuzitaki, zinaonyesha helmeti na povu tu. Tunataka nyuso, kutoka ndani. Kipi kifungwe wapi?

MajiMeupe
Kwanza hesabu mikono. Kwenye maporomoko mkono mmoja uko kwenye mti wa kasia na wa pili umefunika kile kishikio cha juu chenye umbo la T. Ukikiachia ili ushike kamera, kinakuwa nyundo, na kinapiga meno ya jirani kabla ya yako. Kwa hiyo chochote cha kushika mkononi, simu ikiwamo, ni cha maji tulivu tu.

Kwa nyuso, bandika GoPro nyuma ya helmeti ya mpiga kasia wa mbele, itazame nyuma. Watu wengi huibandika mbele, halafu wanarudi na saa nzima ya mto mtupu na ncha ya kasia. Anayekaa mbele ndiye anayekula wimbi kwanza. Wanaomfuata ndio wanaopiga kelele. Hiyo ndiyo picha.

Gundi ya kibandiko inataka saa 24 kabla ya kuguswa na maji. Futa helmeti kwa spiriti, iache ikauke, pasha kibandiko joto kwa kiganja, kandamiza nusu dakika. Tumia kibandiko kilichopinda. Kile bapa hubanduka pembeni kwenye helmeti ya duara. Anayebandika asubuhi hiyo hiyo kwenye gari atakuwa amewachangia samaki.

Sangara_Mkavu
Na kifua je? Mkanda wa kifuani juu ya jaketi okozi unaonyesha mikono na kasia vizuri, na hautikisiki kama kichwa.

MajiMeupe
Kwa rafti siupendi, ndugu. Ukianguka majini unavutwa ndani kwa mabega ya jaketi, kifua kikisugua mpira wa rafti. Kamera iliyo hapo inakukwamisha, au inakuchoma mbavu. Pia mikanda ya jaketi inatakiwa iwe wazi, mwokoaji aione na kuishika.

Itanda_Chini
Kwa kayaki (kimtumbwi chembamba cha kasia) kifua kina kasoro nyingine: mpiga kasia huinama mbele, kwa hiyo kamera inapiga kile kitambaa kinachoziba tundu la kayaki. Inabidi uigeuze kichwa chini, uinue lenzi sana, na bado nusu ya fremu ni mikono. Kile kishikilio cha kuuma mdomoni nacho waachie watu wa mawimbi ya bahari. Kwenye mto unahitaji mdomo kwa kupumua.

Kuhusu helmeti naongeza jambo la usalama. Kamera juu ya kichwa ni ndoano. Kamba ya akiba iwe fupi, sentimita 10 hadi 15, imepita kwenye tundu la helmeti, na iwe nyembamba kiasi cha kukatika ikinasa kwenye tawi au kamba ya rafti. Kamera ipotee, shingo ibaki. Kamba ya kufunga kwenye kiganja ukiwa ndani ya rafti ni hapana kabisa.

Kasia_Kushoto
Sawa, helmeti ya mbele itazame nyuma. Je, nipige picha au video?

Lenzi_ya_Busoga
Kwa Hero 11, video ya 5.3K ya umbo la 8:7, halafu unachomoa fremu: kila moja ina megapikseli 24.7, na unaweza kukata wima au mlalo. Ni fremu 30 kwa sekunde, na hapo ndipo wengi huharibu: wanaiacha shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ijiamulie hata jua likipotea. Wingu likifunika jua kasi yake inashuka, na ule utulizaji wa picha unaficha mtikisiko wa video lakini fremu moja moja zinatoka zimefifia kwa mwendo. Chini ya wingu funga shata kwenye 1/480, kikomo cha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800; jua kali likiwaka iache ijiamulie, maana kwa 1/480 picha yote itaungua. Ukitaka matone yaliyoganda zaidi chini ya wingu hilo, nenda fremu 60 za umbo la 16:9 na shata 1/960. Unapata karibu megapikseli 16, zinazotosha.

Sasa jambo ambalo maelekezo ya kiwandani hayasemi. Mchana wa Jinja jua liko utosini, povu ni jeupe kama karatasi, na nyuso zetu nyeusi ziko chini ya kivuli cha helmeti. Kamera inaangalia povu, inapunguza mwanga, inakupa safu ya meno bila watu. Lakini ukishafunga shata na ISO zote mbili, ile namba ya kuongeza mwanga haina kazi, ndiyo maana nimesema kikomo cha ISO, si ISO moja. Weka +0.5, rangi ziwe bapa, uinue vivuli baadaye. Povu likiungua kidogo, liungue. Ukiweza kuchagua saa, anza asubuhi: hadi saa nne jua bado linaingia chini ya ukingo wa helmeti.

Nnyabo_Kayaki
Matone kwenye lenzi ndiyo yanayoua picha nyingi kuliko shata. Kioo kikavu hukusanya matone ya duara. Kilichopakwa mate maji hutandaa kama utando mwembamba, na lenzi pana haiuoni. Ramba lenzi kabla ya kila poromoko.

Sangara_Mkavu
Dada, urambe lenzi yenye maji ya huku? Na kichocho?

Nnyabo_Kayaki
Kichocho hupita kwenye ngozi, kaka, nawe umeshalowa hadi kwenye soksi. Konokono wake wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, pale mnapopandia rafti, kuliko katikati ya mkondo. Kama roho haikubali, temea kidoleni upake. Dawa ya kichocho utamuuliza daktari hata hivyo.

Itanda_Chini
Hakuna aliyemjibu kuhusu kamera kubwa. Inafaa, ila kwa dakika chache za siku. Boksi gumu lisilopitisha maji la aina ya Peli, lifungwe katikati ya rafti kwa mikanda miwili inayobana, si karabina peke yake. Boksi linaloning'inia rafti ikipinduka ni tofali. Kabla ya kufunga pitisha kidole kwenye ule mpira wa mfuniko: unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kuingiza maji. Mfuko mkavu wa kukunja, hata ukikunjwa mara tatu, unazuia mvua na mruko, hauzuii kuzamishwa.

Pa kuifungulia ni kwenye maporomoko ya Itanda. Sehemu ya juu ni daraja la 6, la hatari kuliko yote, rafti za abiria hubebwa nchi kavu, nanyi mnatembea juu ya miamba. Hapo mtu mmoja atangulie na kamera awapige wenzake wakiingia tena majini. Lenzi kwenye 20 mm, f/8, fokasi ya mkono mita 2: kila kitu kuanzia kama mita 1 hadi mbali kabisa kinakuwa kikali, hutegemei fokasi inayokimbilia matone. Shata 1/1600. Kama boksi limetoka kwenye gari lenye kiyoyozi, liache limefungwa nusu saa lifikie joto la nje, la sivyo lenzi itapiga ukungu.

Lenzi_ya_Busoga
Simu: ile IP68 hupimwa kwenye maji yaliyotulia, si mto unaopiga. Iwe ndani ya mfuko wake, na piga kwa kitufe cha sauti, maana kioo chenye maji hakisikii kidole.

Na usipange kwa ramani ya zamani. Bwawa la Bujagali (2012) na Isimba (2019) yamefunika maporomoko kadhaa. Muulize mwongozaji yapi yapo kwenye njia yenu na wapi maji yanatulia, ndipo ujue lini uwashe. Betri moja ya Hero 11 kwa 5.3K haizidi sana saa moja. Ukiiwasha tangu mnapopandia, Itanda utafika nayo imekufa.

Kasia_Kushoto
Anayekaa mbele atafikiaje kitufe kilicho nyuma ya kichwa chake?

MajiMeupe
Hafikii. Anayekaa nyuma yake ndiye anabonyeza, kwenye maji tulivu, kasia likiwa mapajani. Washa ile hali ya kubonyeza mara moja tu na kurekodi. Abonyeze, ahakikishe taa nyekundu inamweka, kisha arudishe mkono kwenye T.