Tangu tubadilishe betri ya Noah, skrini ya watoto ni nyeusi na redio husahau kila kitu: naomba ushauri

Baba wa Watatu, Kampala

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nina Toyota Noah iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika. Ina redio yenye ramani na DVD katikati ya dashibodi, na skrini ya kukunjua iliyofungwa darini, nyuma kidogo ya viti vya mbele. Vyote vilifanya kazi vizuri hadi wiki tatu zilizopita, betri ilipokufa nikaweka mpya. Tangu siku hiyo mambo yamevurugika, nami sijui nianzie wapi.

Kwanza, nikiweka DVD, picha inaonekana mbele gari likiwa limesimama na breki ya mkono imevutwa, na sauti inatoka kwenye spika zote, lakini skrini ya nyuma inawaka taa yake tu na kubaki nyeusi. Pili, kila nikizima gari na kuliwasha tena, redio inakuwa imesahau saa, stesheni na kiwango cha sauti, kana kwamba ndiyo kwanza imetoka dukani. Tatu, nikicheza muziki wa simu kupitia waya wa AUX, kuna mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri ninavyokanyaga mafuta. Nne, CBS ya 88.8 naipata vizuri sana, lakini Radio Simba ya 97.3, ambayo niliisikiliza kila asubuhi, siipati tena.

Mwisho wa mwezi tunakwenda Arua kwa mama yangu, ambaye hajamwona mtoto wetu wa mwisho tangu alipokuwa wa kubebwa. Ni safari ya siku nzima, tunavuka Mto Nile mara mbili, Karuma na kisha Pakwach, na mtoto huyo sasa ana miaka 4. Wale wenye watoto wanaelewa kwa nini skrini ile si anasa kwangu. Fundi mmoja aliyeitazama kwa dakika tano aliniambia ninunue redio mpya ya Android na kutupa hii. Je, ni kweli kwamba imekufa?

Kijana wa Redio, Jinja

Pole, mzee wangu. Mimi nilikuwa na tatizo kama hilo na nikabadilisha redio yote, nikaweka ya Android. Sijajuta, kwa sababu menyu ni za Kiingereza, stesheni zote za hadi 108 zinapatikana bila kifaa cha ziada, na flashi ya video inasoma. Redio za Japani zilitengenezwa kwa ajili ya Japani. Hata televisheni yake haitakusaidia hapa, kwa kuwa kule wanatumia mfumo wa ISDB-T na sisi Uganda tunatumia DVB-T2, na ramani yake haijui hata barabara ya kwenda Entebbe.

Fundi Waya, Ndeeba

Ndugu Baba wa Watatu, usinunue kitu chochote kwanza. Nimefanya kazi ya umeme wa magari kwa miaka mingi, na jambo linaloniumiza ni kuona mtu ametupa redio nzima kwa sababu ya fyuzi moja. Na hata ukinunua ya Android, skrini ya darini haitajiunganisha yenyewe. Lazima mtu ajue soketi yake inataka picha ya aina gani, au utarudi kwetu ukiwa na redio mpya na skrini ileile nyeusi.

Unayoyaeleza yanaonekana kwangu kuwa matatizo tofauti yaliyokutana siku moja, kwa hiyo tuyatenganishe. Kabla sijasema zaidi, naomba unijibu maswali matatu. Je, ukifungua mlango usiku, taa ya ndani ya gari inawaka? Je, ule mlio wa kwenye AUX unasikika pia unapocheza CD, au unasikika tu simu inapochajiwa? Na je, skrini ya nyuma ina kitufe au rimoti yake ya kubadilisha chanzo cha picha?

Baba wa Watatu

Ahsante, fundi. Taa ya ndani haiwaki, na sasa unaponiuliza ndipo ninatambua kwamba haijawaka tangu siku ya betri. Nilidhani watoto wamegusa swichi. CD haina mlio kabisa. Simu huwa ninaichaji kwenye soketi ya kiberiti wakati wote ninapoendesha, sijawahi kuitoa. Rimoti ya skrini ipo, ila betri zake zimekwisha.

Fundi Waya, Ndeeba

Umenipa karibu jibu lote. Nitaanza na usahaulifu, kwa sababu ndio rahisi.

Redio ya gari hupokea umeme kwa njia mbili. Njia ya kwanza huja unapogeuza ufunguo hadi ACC, na hii ndiyo inayoiwasha. Njia ya pili inatoka kwenye betri moja kwa moja na haikatiki hata gari likiwa limezimwa, na kazi yake ni kulinda kumbukumbu. Njia hii ya pili ikikatika, redio itawaka na kucheza vizuri mchana kutwa, lakini ukiizima tu inasahau. Katika Toyota nyingi, fyuzi iliyoandikwa DOME hubeba taa za ndani, saa na kumbukumbu ya redio kwa pamoja. Taa yako imekufa siku ileile redio ilipoanza kusahau, kwa hiyo mimi ningeweka fedha yangu kwenye fyuzi hiyo. Waya za betri zikigusana vibaya wakati wa kufunga, cheche moja inatosha kuiunguza.

Toa ufunguo, fungua kasha la fyuzi, soma mchoro ulio kwenye kifuniko chake, kisha ichomoe DOME na uitazame kwenye mwanga. Kama uzi wake umekatika, weka nyingine yenye namba ileile ya ampea. Usiweke kubwa zaidi na usiizungushie karatasi ya fedha ya sigara, kwa sababu fyuzi iko pale ili iungue yenyewe kabla waya haujaungua. Ikiwa mpya nayo itakatika papo hapo, simama hapo na umtafute mtu mwenye mita ya umeme, maana kuna waya unaogusa bodi ya gari mahali fulani.

Kuhusu skrini nyeusi: redio ilipokosa umeme ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na redio nyingi za Japani zina menyu inayoamua kama picha ya DVD itapelekwa nyuma au la. Rekebisha fyuzi kwanza, kwa sababu ukipanga menyu kabla ya hapo, mpangilio utafutika ukizima gari. Kisha weka betri mpya kwenye rimoti ya skrini na ujaribu kila chanzo kimoja kimoja. Kama menyu ni za Kijapani, elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Maneno unayoyatafuta husomeka «ria monita», yaani skrini ya nyuma.

Naongeza onyo moja ambalo limewagharimu watu wengi. Kama redio yako ina kadi ya SD ya ramani, usiitoe ili uweke nyimbo za watoto. Redio nyingi za Toyota za aina hiyo hukataa kufanya kazi bila kadi yake, na nyingine zikikatiwa umeme huku kadi haipo hudai namba ya siri ambayo huna.

Dereva wa Masafa, Gulu

Kuhusu ule mlio, hali hiyo ninaijua vizuri kwa kuwa niliishi nayo kwa mwaka mzima. Simu inapochajiwa kutoka kwenye gari na wakati huohuo imeunganishwa na AUX, inakuwa imefungwa kwenye bodi ya gari kwa njia mbili, kupitia chaja na kupitia waya wa sauti. Mtikisiko wa umeme wa altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, unapita katika mzunguko huo na kuingia kwenye spika, ndiyo maana unafuata mwendo wa injini. Chomoa chaja huku muziki ukiendelea, na utasikia mlio unakufa hapohapo. Dawa ya kudumu ni kifaa kidogo cha kutenganisha mzunguko huo, ambacho huchomekwa kati ya simu na AUX. Kama redio ina Bluetooth, tumia hiyo, kwa kuwa hapo hakuna waya wa sauti kabisa.

Kuhusu stesheni: redio ya Japani ya miaka hiyo inasoma megahezi 76 hadi 90 tu, wakati sisi tuko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana CBS ya 88.8 unaipata na Simba huipati. Kama zamani uliipata, basi nyuma ya redio kuna kiboksi cha kushusha masafa, kilichounganishwa kwenye waya wa antena, nacho kinahitaji umeme wake. Kwa mfano, kiboksi kinachoshusha megahezi 16 huifanya 97.3 ionekane kwenye 81.3. Inawezekana kabisa kwamba kiboksi kiko salama, na kwamba redio iliposahau stesheni zako wewe ulikwenda kuitafuta Simba mahali ambapo haijawahi kuwapo. Iache redio itafute yenyewe kuanzia 76 kwenda juu, usikilize sauti za watangazaji badala ya kutazama namba.

Mama Pacha, Mbarara

Baba wa Watatu, nakuombea safari njema kwa mama. Wenzangu wamesema ya umeme, mimi nitasema ya watoto wenyewe, kwa sababu pacha wangu wana miaka 6 na skrini kama hiyo tunayo.

Ukiwanunulia hedifoni zisizo na waya, angalia kwanza skrini yako inatumia nini. Nyingi za darini hutuma sauti kwa mionzi ya infraredi, kama rimoti, wala si kwa Bluetooth. Mionzi hiyo inahitaji kuiona hedifoni, kwa hiyo mtoto akijifunika blanketi au akilala kwa ubavu sauti inakatika, na jua kali likipiga dirishani hukwaruza. Mimi nilirudisha jozi moja dukani nikidhani ni mbovu, kumbe ilikuwa kwenye chaneli B na skrini iko kwenye A. Nawaomba radhi wenye duka hadi leo.

Na tafadhali pima sauti kabla ya kuwavalisha. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, wakati kwa watu wazima kiwango ni 80. Njia yangu ni kuzivaa mimi mwenyewe: kama simsikii mtu anayezungumza nami kwa sauti ya kawaida, napunguza.

Baba wa Watatu

Ndugu zangu, narudi na habari baada ya siku nne. Fyuzi ya DOME ilikuwa imekatika. Nimeweka nyingine ya ampea zilezile, taa ya ndani ikawaka na redio haijasahau kitu tangu hapo. Mke wangu alikaa na kamera ya kutafsiri hadi akaipata menyu ya skrini ya nyuma, ilikuwa imezimwa. Picha ilipotokea watoto walipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Mlio ulikufa nilipochomoa chaja, kama Dereva alivyosema, na Simba nimeikuta kwenye 81.3 kabisa.

Limebaki jambo moja. Jana tulipita barabara ya vumbi yenye mashimo, na picha ya nyuma ikawa inakatika na kurudi, sauti ikiendelea vizuri. Je, ni menyu tena?

Fundi Waya, Ndeeba

Hapana, menyu haikatiki kwa mashimo. Simamisha gari, cheza DVD, kisha mke wako ashike skrini na kuikunja na kuikunjua polepole sana huku wewe unatazama. Kama picha inapotea kwenye pembe moja na kurudi kwenye nyingine, kebo inayopita ndani ya bawaba imechoka kwa kukunjwa. Kama haibadiliki, gonga taratibu soketi ya nyuma ya redio, kwa sababu inaweza kuwa imelegea tu.

Baba wa Watatu

Ni bawaba. Ikiwa imefunguka kabisa inakatika, lakini nikiirudisha kidogo, kama upana wa vidole viwili, picha inatulia.

Fundi Waya, Ndeeba

Basi kebo hiyo ibadilishwe, na ni kazi ya kufungua kifuniko cha skrini bila kugusa redio. Ukienda kuitafuta Kisekka, kwenye soko la vipuri, piga picha ya kibandiko chenye namba ya skrini yako, kwa sababu kebo hizi zinafanana kwa macho na hutofautiana idadi ya pini. Usikubali aliyekuahidi kuiunga kwa gundi ya umeme. Ndani ya bawaba kiungo hicho hakitafika hata Luweero, mwanzoni tu mwa safari yako. Kama hujaipata kabla ya safari, iache skrini kwenye pembe inayotulia na uweke kipande cha sponji kigumu kwenye bawaba ili isitikisike, na usimruhusu mtoto kuifungua na kuifunga njiani.

Baba wa Watatu

Nimepiga picha ya kibandiko. Kesho asubuhi nakwenda Kisekka, na sponji nimeshaikata kwa tahadhari.

Dereva wa Masafa, Gulu

Kabla hujatoka, choma filamu za watoto kwenye diski na uzijaribu zote nyumbani. DVD hugawanywa kwa kanda za dunia: mashine ya Japani ni ya kanda ya 2 na diski halisi zinazouzwa kwa ajili ya nchi zetu ni za kanda ya 5, kwa hiyo baadhi ya diski hizo itazikataa, hasa zile za PAL, mfumo wa picha usiotumika Japani. Afadhali ikukatalie Kampala kuliko Karuma.