Tupeane uzoefu: Teksi ya umeme ilipokutia majaribuni

Mwanzisha mada: Ndugu wanachama, jana nilimsikia muuzaji wa magari akimhakikishia dereva mwenzetu kwamba chaji moja inatosha kutwa nzima, nikakumbuka kwamba nami niliahidiwa vivyo hivyo. Umbali unaotangazwa na viwanda hupimwa kwa utaratibu wa maabara, ilhali sisi tunakaa foleni kiyoyozi kikiwaka, tunakimbia barabara kuu, na wakati wa baridi hita nayo inakula betri ile ile. Kila aliyeendesha aeleze yaliyomkuta.

Dereva wa Usiku: Mimi sikuteswa na umbali, niliteswa na betri ndogo, ile ya pembeni isiyoendesha gari. Nilikuwa na mama mtu mzima kiti cha nyuma, tumeegesha tukimsubiri mwanawe, mvua inanyesha na betri kubwa ina chaji ya kutosha kabisa. Ghafla skrini ikazima, na milango ya nyuma, ambayo hufunguliwa kwa kitufe cha umeme, ikagoma. Mama akaanza kugonga kioo huku akihema kwa shida. Mimi nilitoka kwa kishikio cha dharura cha mbele, lakini cha nyuma kilikuwa kimefichwa chini ya mfuko wa mlango, na aliyenikabidhi gari hakunionyesha. Baadaye fundi alieleza kwamba betri ya volti 12, inayoamsha mifumo yote kabla betri kubwa haijaunganishwa, ilikuwa imechoka.

Zamu ya Asubuhi: Hata mimi limenikuta, ila sikuwa na abiria. Mama alipona?

Mwenye Magari: Poleni, lakini betri kubwa mnaziua ninyi madereva kwa kuzijaza hadi asilimia 100 kila siku. Wangu nimewaagiza waishie 80.

Fundi Umeme: Mkuu, hapo unawaonea. Agizo hilo linafaa betri nyingi za lithiamu zenye nikeli. Zile za lithiamu zenye chuma na fosfeti (LFP), baadhi ya watengenezaji wanashauri zijazwe kabisa mara kwa mara ili kompyuta isome kiwango kwa usahihi. Fungua kitabu cha gari kabla ya kumlaumu mtu.

Mwenye Magari: Kitabu nitakisoma, ila hesabu ya biashara haibadiliki: chaji ya haraka hupungua kasi sana baada ya 80, na dereva anayeng'ang'ania kwenye mashine anapoteza abiria na kumzuia mwenzake.

Mpenda Umeme: Mnalalamika mno. Shenzhen, nchini China, karibu teksi zote zilikuwa za umeme kufikia mwaka 2019.

Zamu ya Asubuhi: Shenzhen serikali ilitoa ruzuku na vituo vya kuchajia vikajengwa kwa wingi. Dereva anayezunguka usiku akitafuta mashine nzima umsaidie kwa lipi? Nasi tunataka kujua habari za mama.

Dereva wa Usiku: Alitoka salama. Mwanawe alirudi, tukalaza kiti cha abiria wa mbele na kumpitisha taratibu. Siku hizi betri ndogo inapimwa kila sevisi, na abiria wa nyuma namwonyesha kishikio kabla sijaondoa gari.

Fundi Umeme: Endelea hivyo, na ikionyesha udhaifu ibadilishe mapema, kwa sababu mara nyingi huzimika bila dalili.