Naomba ushauri: nimehamia domeini mpya, Google imenishusha

Habari wakuu. Wiki 2 zilizopita nilihamisha tovuti yangu ya kuku wa kienyeji kutoka .com kwenda .co.tz. Ukitafuta “chanjo ya kideri” nilikuwa ukurasa wa kwanza. Leo sionekani kabisa, na inaniuma sana.

Nimegundua fundi alielekeza kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Mfugaji anabofya ratiba ya chanjo, anakutana na picha ya banda! Sasa naweka 301 (maelekezo ya kudumu kutoka anwani ya zamani kwenda mpya) ukurasa kwa ukurasa.

Je, taarifa ya kuhama niitume Search Console (huduma ya Google kwa wenye tovuti) sasa, au nimalize kwanza? Domeini ya zamani nitaendelea kuilipia, maana Google wanashauri maelekezo yabaki angalau mwaka 1. Aliyepitia hili, nafasi zako zilirudi baada ya muda gani?