Re: PIP wamenipa pointi 4, naombeni ushauri

Mama Nasra, Leicester:
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Majibu ya PIP (posho ya serikali ya Uingereza kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu) yametoka: pointi 4, na kiwango cha standadi kinaanzia 8. Nina RA (rheumatoid arthritis, baridi yabisi), vidole havikunjiki asubuhi mpaka saa nne. Mpimaji kaandika eti nilishika mkoba "bila shida". Mwezi mmoja wa kuomba MR (kuomba uamuzi uangaliwe upya) unahesabiwa tangu tarehe ya barua, na kliniki wanasema ripoti ya daktari wa viungo itachelewa. Nitume MR sasa bila ripoti, au nisubiri?

Mzee wa Reading:
Pole sana binti yangu. Hiyo ni baridi ya nchi hii. Goti langu lilianza msimu wa theluji, enzi za zamu za usiku ghalani. Nikifika Tanga natembea kama kijana. Vaa soksi za sufu, jichue na mafuta ya karafuu.

Nesi wa Cardiff:
Mzee shikamoo, ila tusichanganye mambo. Baridi huzidisha maumivu, haileti RA. RA ni kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe. La kwako ni osteoathraitisi, gegedu, ule mto wa kati ya mifupa, linasagika, na hapo uzito una neno: ukipunguza kilo moja, kila hatua goti linapungukiwa mzigo wa kama kilo nne. Kwenye RA kinachoongeza hatari ni sigara. Mwenye mzazi au ndugu mwenye RA aache kabisa. Viungo vikivimba na kukaza zaidi ya nusu saa asubuhi, wahi kwa GP (daktari wako wa mtaa), kiungo kikishaliwa hakirudi.

Mzee wa Reading:
Nani kasema mimi mnene?

Shemeji, Slough:
Mimi nina jongo, nimekatazwa bia na maini, maisha gani haya. Kuhusu PIP: mama watoto aliulizwa kama anapika, akajibu napika. Mswahili gani atasema hapiki? Hakuna aliyeuliza sufuria anainua nani. Kigezo ni uweze kwa usalama, kwa kurudia, na kwa muda wa kawaida. Tulishinda kwenye traibyuno, mahakama ya rufaa za posho.

Milton Keynes:
Tungepewa uraia pacha tungezeekea kwetu, badala ya kuhesabiwa pointi na watoto wadogo. Kura zikikaribia sisi ni "wadau", zikipita tunaomba viza ya kwenda kuzika wazazi.

Nesi wa Cardiff:
Siasa pelekeni kwenye WhatsApp.

Mama Nasra, Leicester:
Asanteni. Na MR je?

Mzee wa Reading:
Swali dogo. Nikikaa Tanga miezi minne, PIP yangu inakatwa?

Nesi wa Cardiff:
Mzee, wewe una AA (Attendance Allowance, posho ya wazee wanaohitaji uangalizi), si PIP. Kanuni ni ile ile: wiki 13, zikizidi inasimama. Ukiwa umekwenda kwa matibabu ni 26. Toa taarifa kabla hujaondoka.

Mzee wa Reading:
Kuoga bahari ya Raskazone ni matibabu?