Likizo ya Juni: kutoka Mbeya hadi Mji Mkongwe, siku ya kwanza tuipangeje?

Mama_Uyole
Habari zenu wadau. Shule zikifunga Juni tunashuka Unguja watu wanne: mimi, baba watoto, na watoto wawili, darasa la tatu na la sita. Tutafikia Shangani, usiku tatu. Ninachoomba ni siku ya kwanza tu. Tukitoka Mbeya kwa basi, tuunganishe boti moja kwa moja au tulale Dar? Tukishafika tuanzie wapi bila kuwachosha watoto? Mdogo hutapika hata tukienda Tukuyu tu.

Mteremko_wa_Kitonga
Dada, laleni Dar. Mbeya hadi Dar ni kilomita zaidi ya 800, na saa ya kufika haina uhakika kwa sababu ya mlima wa Kitonga: lori moja likikwama kwenye kona, magari yanasimama juu na chini. Ukikata tiketi ya boti ya asubuhi kwa kutegemea basi la usiku, foleni moja inaweza kuila. Pandeni basi la alfajiri, mfike stendi ya Mbezi jioni, mlale. Masweta yakae kwenye begi la mkononi, siyo kwenye buti. Makambako na Mafinga mtayahitaji, kuanzia Ruaha Mbuyuni mtayavua.

Asubuhi mwendokasi utawashusha Posta ya Zamani, na bandari ya boti iko hapo hapo Barabara ya Sokoine, karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Tiketi nunueni dirishani ndani ya ofisi. Msimpe hela mtu anayewapokea barabarani, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Bebeni vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hakikisheni jina la kwenye tiketi ni lile lile la kwenye kitambulisho. Fikeni saa nzima kabla.

Upepo_wa_Kusi
Nijibu la kutapika, maana ndilo linaloharibu siku ya kwanza ya watoto wa huku kwetu.

Juni ni msimu wa kusi, bahari inachafuka. Chukueni boti ya kwanza ya asubuhi, maana upepo hukolea jua likipanda. Boti ya kasi inatumia kama saa mbili. Kaeni sitaha ya chini, katikati kuelekea tezi. Watoto watataka omo ili waone, lakini omo ndiko kunakonyanyuka na kupigwa. Dawa ya kichefuchefu cha safari hunywewa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka. Mtoto akishaanza kutapika, kidonge nacho kinatoka. Kipimo cha mtoto hufuata uzito, kwa hiyo mpimeni nyumbani, mkamtajie muuza dawa kilo zake. Asipande tumbo tupu: mkate mkavu na chai ya tangawizi vinatosha. Maziwa na mayai ya kukaanga viacheni. Simu asishike kabisa, atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu.

Siku ya kurudi mtakuwa mnaelekea upepo unakotoka, kwa hiyo wekeni dozi nyingine akiba.

Binti_Gangilonga
Mkishuka bandarini Malindi msichukue teksi kama mizigo ni midogo. Fuateni ukingo wa bahari, Barabara ya Mizingani, hadi bustani ya Forodhani ni mwendo wa dakika kumi na kitu, na Shangani ndiyo inayofuata. Njiani mtapita Jumba la Maajabu la Sultani Barghash, la mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo litazameni kwa nje tu. Nyumba nyingi za wageni hutoa chumba kuanzia saa nane mchana, ila mizigo wanapokea mapema. Iacheni, mkatembee.

Mchana ingieni vichochoroni, kuna kivuli kwa sababu kuta ni ndefu na njia ni nyembamba. Kuta hizo hizo huichanganya ramani ya simu, itawaambia mko mtaa msiokuwepo. Mkipotea, nyoosheni upande mmoja: mtatokea baharini au Barabara ya Darajani. Nendeni Mkunazini, kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko hilo lilifungwa mwaka 1873. Vyumba vya chini vina dari fupi sana, mtu mzima anainama. Wa darasa la sita ataelewa, huyo mdogo mwelezeni kwanza kabla hajaona sanamu zenye mnyororo shingoni. Mabega na magoti yafunikwe, kanga moja kwenye mkoba inatosha. Hapo pawe mwisho wa matembezi ya siku hiyo. Rudini mkalale kidogo, joto la pwani linamchosha mtoto wa Uyole kuliko kilomita.

Jioni ni Forodhani. Vijana hupiga makachu, yaani kuruka toka ukutani hadi majini, maji yakiwa yamejaa. Mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika hamsini. Wiki moja baada ya hapo, saa hizo maji yamekupwa na hakuna kitu cha kuona. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Wenu wasijaribu.

Majiko ya wauza vyakula huwashwa hapo hapo jua likizama. Ulizeni bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa kwenye sahani, maana wakishachanganya pweza, ngisi na kamba wanakutajia jumla. Watoto waanze na urojo, pilipili iwekwe pembeni.

Mama_Uyole
Asanteni sana, tutalala Dar. Swali la mwisho: mwenyeji wetu nimpelekee parachichi za Rungwe au mchele wa Kyela?

Binti_Gangilonga
Mchele, kilo tano, ufungwe mara mbili kwa ajili ya unyevu wa boti. Parachichi chukua zile ngumu kama jiwe tu, zifungie kwenye gazeti. Iliyoanza kulainika Mbeya, joto la Dar litaimaliza.